Makosa Mia Mbili na Kumi na Mawili ya Mama Nota

Tarehe 9 Juni 2011, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mpiga chapa mmoja alilipia programu ya kompyuta ambayo hakuna aliyemlazimisha kuilipia. Ukurasa wa programu hiyo kwenye intaneti ulisema tu kwamba anayependa kulipa anaweza. Risiti aliyotumiwa ina saa hiyo, na ina namba yake: 31. Programu ilikuwa na umri wa miaka miwili wakati huo, maana yake dunia nzima ilikuwa imetoa watu thelathini tu wa kufanya kama yeye.

Wateja wanamwita Mama Nota. Duka lake la steshenari lina upana wa hatua nne: mashine ya fotokopi mlangoni, kompyuta mbili, printa inayokohoa kabla ya kila ukurasa, benchi la wateja, na rafu ya rimu za karatasi inayoinama katikati. Nyuma ya ukuta mumewe, fundi wa majokofu, ana karakana yake, kwa hiyo mazungumzo ya dukani huenda sambamba na milio ya nyundo. Mama Nota anachapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya nyumba na kadi za harusi kama wapiga chapa wengine. Sifa yake, hata hivyo, imetokana na nyimbo za kwaya.

Kwaya nyingi hazisomi nota za mistari mitano. Zinasoma herufi: d, r, m, f, s, l, t, zikitenganishwa na nukta pacha na mistari ya wima inayoonyesha mapigo. Sauti nne hupangwa moja juu ya nyingine, na maneno ya wimbo hukaa chini yake. Kialama kidogo kwenye unyayo wa herufi kinamwambia mwimbaji ashuke. Kikiwa kwenye kichwa cha herufi, apande. Kwa mkono ni kazi ya kalamu na subira. Kwa programu za kawaida za kuandikia barua ni adhabu, kwa sababu ukiongeza neno moja kwenye ubeti, nota zote zilizo kulia kwake zinasogea, na besi wanajikuta pigo moja nyuma ya wenzao.

Mtu mmoja, katika nchi nyingine, alikuwa ametengeneza programu ya kazi hiyo tu. Mchana alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya ardhi. Mama yake aliongoza kwaya, na programu ilianza kama zawadi kwake. Haikukaa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Ilifunguliwa kwenye intaneti, na nyimbo zilihifadhiwa kwenye mashine moja ambayo mchoraji ramani aliilipia mwenyewe kila mwezi.

Siku ya kwanza Mama Nota alichapa wimbo wa kurasa nne kwa saa moja na nusu. Zamani wimbo kama huo ulimla siku mbili. Alilipa, akatunza risiti, kisha akaandika barua pepe yake ya kwanza kwa mtengenezaji. Ilikuwa na sentensi mbili. "Ukurasa wa pili, mstari wa tatu, alama ya kushuka haionekani ikichapishwa. Rekebisha."

Ilirekebishwa baada ya siku tano. Mama Nota hakujibu.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi kwenye chumba alichojifunzia kazi, miaka ishirini na minane iliyopita. Wasichana kumi na mmoja walipiga taipu safu mbili, na mkuu wao alipita na kalamu nyekundu. Ukurasa wenye kosa ulirudi umezungushiwa duara. Ukurasa safi uliwekwa kwenye kapu bila neno. "Kimya ndiyo ilikuwa maksi ya juu," anasema. "Mimi nilipata kimya cha wiki tatu mfululizo. Wenzangu walinionea wivu mpaka hawakunisalimia."

Basi kwa miaka kumi na mitatu alimfanyia mtengenezaji kile ambacho kwake kilikuwa heshima. Kila kosa alilipatia namba, tarehe na mahali. Aliandika kwa lugha waliyojifunza shuleni, ambayo haikuwa ya kwao wote wawili, bila salamu na bila kwaheri. Kosa la 58 ndilo analolikumbuka zaidi: baada ya mabadiliko fulani, alama zote za kushuka zilifutika kwenye printa, na hakuna aliyetambua mpaka mazoezini, waimbaji kumi na wanne wa besi walipotakiwa kuimba juu kuliko kina mama wa soprano. Walijaribu, watu wazima wale. Mmoja wao, mchinjaji, alikaukiwa sauti siku mbili na akauza nyama kwa ishara za mikono.

Jumanne ya tarehe 6 Agosti mwaka huu, barua ilikuja kutoka upande wa pili. Ilikwenda kwa watumiaji wote. Mtengenezaji alisema amefanya kazi hiyo miaka kumi na mitano, amechoka, na kwamba tarehe 30 Septemba angezima mashine. Kila mtu achapishe nyimbo zake mapema. Chini, kwa Mama Nota peke yake, aliongeza mstari: "Wewe umekuwa nami kuliko wote. Naomba radhi kwamba kwa makosa 212 sikuweza hata mara moja kukuridhisha."

Kwenye mashine hiyo Mama Nota alikuwa na nyimbo 1,306. Walimu wa kwaya huandika kwenye migongo ya madaftari, humletea, kisha karatasi hupotea. Nyingi ya nyimbo hizo hazikuwa mahali pengine popote zinapoweza kusahihishwa, kupandishwa ufunguo au kuongezewa ubeti. Angezichapisha, angebaki na mabunda ya karatasi. Mtu akitaka neno moja libadilishwe, angeanza upya.

Lakini kilichomkalisha chini asubuhi ile hakikuwa nyimbo.

"Anasema sikuridhika," alimwambia mumewe, ambaye alikuwa ameingia kuomba gundi.

"Nani?"

"Mwenye programu."

"Kwani uliridhika?"

"Baba watoto, nimelipa mara kumi na nne kitu cha bure. Kila Juni. Asiyeridhika analipa?"

"Hata mimi nalipa kodi kila mwaka," alisema fundi. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimeridhika."

Alipewa gundi na kuombwa aondoke.

Aliyemfumbua macho alikuwa mteja wake wa zamani kuliko wote. Kwenye kwaya wanamwita Mwalimu Besi. Ni mfupi, na sauti yake nene hutoka mahali pasipoeleweka. Mchana husoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na nyimbo zake nyingi amezitunga akitembea kati ya geti na geti. Kwa miaka kumi kwaya za watu ziliziimba nyimbo zake bila kujua ni zake, kwa sababu fotokopi hupita mkononi mpaka jina la mtunzi linakatika ukingoni. Miaka mitatu iliyopita alifungua ukurasa wake mwenyewe kwenye intaneti, akaweka rekodi za kwaya yake, msikilizaji alipe anachoweza. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Mama Nota. Alinunua nyimbo zote tisa, kisha akampigia simu kumwambia kwamba katika wimbo wa nne teno wanachelewa.

Mwalimu Besi aliketi kwenye benchi akasoma barua pepe zote, kuanzia ya kwanza. Alipofika ya arobaini alianza kutikisika mabega.

"Unacheka nini?"

"Dada yangu, hii ni hati ya mashtaka. 'Kosa la 37. Bado halijarekebishwa. Siku ya nne.' Bado kidogo umwite mahakamani!"

"Nilikuwa namsaidia."

"Najua. Mimi nakujua. Yeye amekujulia wapi?"

"Angekuwa hovyo ningemwandikia? Mtu hovyo namwacha."

"Sasa hilo umemwambia lini?"

Mwalimu Besi aliacha kucheka. Akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa nyimbo zake na kumwonyesha hesabu ya wasikilizaji.

"Watu mia nne na sita wamesikiliza huu. Hakuna aliyesema hata 'mh'. Ukiimba ukumbini, hata asiyependa utamwona anavyokunja uso. Huku hakuna uso. Mimi wiki nyingine nakaa najiuliza kama nimeimbia ndoo. Simu yako ile ya teno, unajua ilinisaidia nini? Nilijua kuna mtu alifika mpaka wimbo wa nne."

"Kwa hiyo hukuchukia?"

"Nilichukia sana. Teno hawakuchelewa."

"Walichelewa."

"Nusu pigo."

"Kuchelewa ni kuchelewa, Mwalimu."

Alianza barua ya shukrani siku hiyo hiyo mchana, akashindwa. Aliandika "Nashukuru sana kwa kazi nzuri," akaifuta, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyosema barua za maombi ya kazi anazochapa kutwa, na yeye anajua zina ukweli kiasi gani. Siku ya tatu aliamua kufanya anachokijua. Alifungua ukurasa mpya, akaandika namba moja, na kuanza kuorodhesha yaliyo sahihi.

"1. Nota hazihami neno likiongezwa. Hazijawahi kuhama tangu 9 Juni 2011.

2. Alama za kushuka zinaonekana hata kwenye karatasi nyembamba.

3. Kosa la 58 lilirekebishwa kwa saa sita. Ilikuwa siku yako ya mapumziko. Niliona, sikusema."

Ilimchukua siku nne, kati ya mteja na mteja. Namba 9 ilihusu wauguzi wa zahanati ambao hujifunza wimbo mmoja kwa saa ya chakula cha mchana kwa sababu karatasi inasomeka kwa umbali wa mkono. Namba 14 ilisema kwamba ada za shule za watoto wake wawili zilitoka katika nota, na alitaja shule. Namba 17 ilikuwa ndefu kuliko zote. Siku hizi programu huandika jina la mtunzi na simu yake chini ya kila ukurasa, katikati kabisa, ambapo fotokopi haiwezi kukata, na haikubali kulifuta. Kwa sababu ya mstari huo kwaya moja ya mbali, safari ya siku mbili kwa basi, ilimpata Mwalimu Besi, ikamwomba ruhusa ya kurekodi wimbo wake, ikanunua na nyingine tano. Mwalimu mwenyewe aliandika chini ya namba hiyo kwa maneno yake: "Ni kweli. Nililia kwenye geti la mtu, mbwa akinitazama."

Orodha iliishia namba 63. Mwisho aliandika sentensi ambayo haikuwa na namba. "Nilidhani unajua."

Jibu lilichukua siku sita, na katika siku hizo Mama Nota aliendelea kuchapisha nyimbo zake, kumi na tano kwa siku, akizifunga kwa kamba ya katani. Mumewe alimtengenezea rafu ya chuma kutoka mabaki ya majokofu. Hakufanya utani wowote wakati wa kuifunga ukutani, jambo ambalo Mama Nota analitaja kama dalili ya jinsi hali ilivyokuwa mbaya.

Barua ya mtengenezaji haikuwa ndefu. Alisema ameisoma orodha kwa mkewe kwa sauti, na walipofika kwa mbwa walilazimika kusimama. Alisema miaka yote aliamini kuna mwanamke mkali mahali fulani ambaye hulipa kila Juni ili apate haki ya kulalamika. Alikuwa amerekebisha makosa 209 kati ya 212 kwa kumwogopa, na sasa akitazama anaona kwamba programu inafanya kazi kwa sababu hiyo. Alimshukuru kwa kila moja. Hakuahidi kuendelea milele. Kuihudumia mashine hawezi tena. Ila angetengeneza toleo linalokaa kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, pamoja na nyimbo zake zote, ili siku akiacha kweli hakuna wimbo utakaokwenda naye. Mashine ingebaki inawaka mpaka toleo hilo liwe tayari. Kisha aliomba kitu kimoja: asiache kumtumia makosa.

Nyimbo 1,306 zilifika dukani tarehe 21 Septemba katika faili moja. Mama Nota alizifungua moja moja kwa programu ya zamani, siku tatu, kuhakikisha. Zote zilikuwepo. Alimwandikia mtengenezaji mchana wa siku ya tatu, na kwa mara ya kwanza barua ilianza kwa salamu. Ilifuatiwa na shukrani, mistari mitano, ambayo Mwalimu Besi aliisoma kabla haijatumwa na kusema haina kasoro. Chini yake lilikuwa kosa la 213.

Tangu hapo amewaeleza walimu wa kwaya wanaokuja dukani programu inatoka kwa nani. Ishirini na sita wameilipia kwa majina yao, na kila mmoja ametakiwa kuandika kwa mkono wake kitu kimoja kinachomfaa kabla ya kutaja kinachomkera. Mchinjaji wa besi ameandika ukurasa mzima.

Toleo jipya litatolewa kwa watu wote tarehe 15 Oktoba. Mama Nota atalipata siku kumi kabla, ili alijaribu kwa wimbo mpya wa Mwalimu Besi wenye kurasa sita, na kutuma orodha mbili.