Zamu ya Phulmati Kwenye Ndege

Phulmati Tharu alipohamishiwa Simikot, mji wetu wa milimani, kufundisha sayansi, aliambiwa ni mwaka mmoja tu. Ukaingia wa sita. Enzi hizo barabara ilikuwa haijafika kwetu. Mtu alitoka kwa ndege ndogo, na ndege yenyewe ilitegemea mawingu.

Katikati ya baridi kaka yake akapiga simu kutoka Nepalgunj, kwao huko tambarare. "Dada, baba hali chakula tena. Njoo."

Kila asubuhi alibeba begi hadi uwanja wa ndege, na kila asubuhi karani alitikisa kichwa: ukungu huko chini, theluji huku juu. Siku ya nne wanafunzi wake wakamfuata hukohuko, maana shule ilipakana na uwanja.

"Madam, leo tunasoma au unasafiri?" akauliza Jaukala, binti mwenye mdomo kweli.

"Tunasoma!" Phulmati akafoka. "Chaneni karatasi."

Kila mmoja akashika ukanda wa karatasi chini ya mdomo, akapuliza juu yake. Ukanda uliolegea ukanyanyuka. Kisha akapasua boksi la tambi, akampa Jaukala kipande akishike mbele ya upepo.

"Kilaze. Sasa inua ukingo wa mbele. Kidogo!"

Mkono wa Jaukala ukaruka juu. "Mama yangu! Kinanivuta!"

"Hakikuvuti. Wewe unausukuma upepo chini, nao unakusukuma juu. Bawa ni hivyohivyo."

"Kumbe unajua yote haya! Mbona basi umekwama na sisi?"

Wenzake wakamzomea. Phulmati alicheka nao, halafu akawapa mgongo, akajifanya anafunga begi.

Siku ya saba ndege ikatua. Rubani alitaka kuondoka haraka kabla mawingu hayajafunga. Hapo akatokea mwanamume anahema, amembeba mkewe kwenye kapu mgongoni, mwendo wa siku mbili. Mtoto amekataa kutoka. Viti vimejaa, Phulmati naye ameshakaa. Karani akawatazama abiria, kila mmoja akaangalia viatu vyake. Phulmati akashuka.

Mimi nilifundisha naye, nikampokea begi. "Umefanya wema, dada," nikamwambia.

"Usiniite mwema. Nilidhani kesho itakuja nyingine. Ningejua haiji, sijui kama ningeshuka."

Haikuja kwa siku kumi na moja. Alipofika Nepalgunj baba alikuwa ameshafariki, mwili umeshachomwa kama desturi yao, na majivu yake yameshatiwa mtoni. Alikaa wiki moja, akarudi, kwa kuwa uhamisho wake wa kurudi kwao haukuwa umesainiwa na bila kazi hii wadogo zake wasingesoma.

Yule mama alijifungua salama. Tulipomweleza, Phulmati aliuliza tu, "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia darasani. Siku hiyo aliwafundisha kazi ya mkia wa ndege, na hakumwangalia yeyote usoni mpaka kengele ilipolia.