Mguu Uliozoea Nne

Fundi cherehani alikuwa na mguu wa kulia usiosikia la mtu. Miaka ishirini ulishinda ukikanyaga cherehani, na jioni ukaenda kwenye mazoezi ya bendi kukanyaga sakafu huku mikono ikipiga gitaa, mapigo manne kwa manne, bila kudai chochote zaidi ya soksi mpya. Wimbo ukiwa wa mapigo manne, bendi nzima ilimwegemea fundi kama ukuta.

Kisha mpiga ngoma, aliyekaa chuo mihula miwili akarudi na jina la Profesa, akaleta utunzi wake. Ubeti una mapigo saba. Kiitikio kina matano. Halafu unarudi kwenye saba kana kwamba hakuna lililotokea.

"Nani kaomba haya?" fundi aliuliza.

"Hakuna. Ndiyo sanaa yenyewe."

Fundi akajaribu. Mikono ilifika saba salama; mguu ukaongeza la nane. Wenzake wameshaanza upya, yeye bado yuko nyuma, kama mgeni anayeaga mlangoni nusu saa. Kiongozi wa bendi, ambaye kwa bahati mbaya ni kaka wa mkewe, akaweka besi chini.

"Shemeji, onyesho ni Jumamosi. Alhamisi ukikosea tena, namwita kinyozi ashike gitaa."

Kinyozi! Mtu anayepiga nyuzi kama anaua mbu! Fundi alirudi nyumbani amevimba, na tangu hapo akawa anahesabu kila kitu: ngazi, vijiko vya sukari, chafya za jirani. Alihesabu akikata kitambaa, alihesabu akipiga pasi.

Jumatano mchana mwalimu wa kwaya akaingia dukani ameshika sketi yake mpya kama ushahidi wa mahakamani.

"Fundi, hebu nihesabie marinda. Kulia?"

"Saba."

"Kushoto?"

Fundi akahesabu mara mbili. "Matano."

"Nimesimama mbele ya wazazi sketi imekaa upande!"

"Hicho ni kiitikio, mwalimu," yalimtoka kabla hajafikiri.

Mkewe, aliyekuwa pembeni akishona vifungo, alicheka hadi sindano ikamponyoka. Alimtuliza mwalimu, akamwahidi sketi kesho, kisha akaitandaza mezani na kuipapasa.

"Baba watoto, marinda haya uliyapangaje?"

"Kwa mkono, na pini. Nilikuwa naimba ule wimbo wa kichaa."

"Saba, halafu matano. La nane liko wapi?"

Fundi akatazama. Halikuwepo.

"Basi mikono inaujua wimbo," mkewe alisema. "Mchawi wako yuko huku chini."

Akaivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa mumewe, akaufunga mguu ule kwenye kiti, fundo la kitaalamu, akampa gitaa lake. "Haya, piga."

Mguu ulifurukuta, ukanung'unika, ukanyamaza. Saba. Saba. Tano. Saba. Fundi alipiga tena, mara hii akitabasamu kama mtu aliyemfungia mama mkwe chumbani.

Alhamisi aliingia mazoezini amebeba kiti chake. Kinyozi alishafika, kaegemea mlango na gitaa lililokazwa nyuzi tayari, eti amekuja kusikiliza tu. Fundi akaketi, akajifunga futi. Wakacheka wote, hata shemeji mtu.

"Unaogopa mguu utatoroka?" Profesa alidakia.

Wimbo ukaanza. Fundi akavuka saba, akaingia kwenye tano, akarudi kwenye saba bila kugusa kingo. Profesa, macho yote kwenye mguu uliofungwa na mbavu zikimuuma kwa kicheko, akapiga la nane. Peke yake. Kwa nguvu zote.

Kinyozi akaanza kufunga gitaa kwenye mfuko wake.

"Jumamosi unapiga, shemeji," kiongozi alisema hatimaye. "Ila hiyo futi ya njano haiendi na suti. Tafuta nyeusi."

"Nitashona," fundi akajibu, akainama kujifungua. "Na Profesa nimpimie ya mguu gani?"