Nakala Mbili, Friji Moja

Friji ya maabara ilikuwa na mngurumo wake, na mtafiti aliujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Asubuhi ile, akiwa bado koridoni, masikio yake yalikosa kitu. Akaongeza mwendo.

Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi Chura, na jina lilimkaa. Kwa shahada yake ya udaktari alikuwa amekanyaga tope la bwawa moja nyuma ya kiwanda cha matofali, akikamata vyura wadogo wasio na sura ya maana. Kwa macho ni vyura tu. Lakini ndani yao, ajabu! Zamani za kale, babu yao mmoja alipata jenomu yake nzima, yaani jeni zake zote, mara mbili, kama fundi aliyepewa vitabu viwili vya kujengea nyumba ileile. Wajukuu wanavyo vyote viwili hadi leo. Sasa, ni nakala ipi bado inasema, na ipi imenyamaza? Hapo ndipo usingizi wake ulipopotelea.

Na hapo ndipo ilipotoka bahati yake: nafasi ya utafiti baada ya shahada hiyo, ng'ambo, kwa profesa anayechunguza jambo hilohilo. Sharti lilikuwa moja. Vipande vya maini na bongo za vyura vifike vikiwa vimeganda, na visiwe vimewahi kuyeyuka hata kidogo, maana ujumbe unaotoka kwenye jeni huharibika upesi kuliko maziwa juani. Vyura wengine wangetoka wapi? Bwawa lilikwisha kufukiwa. Sasa hapo yanalala malori.

"Kwani ng'ambo hawana vyura?" mama yake alikuwa amemuuliza jana mezani.

"Wapo, mama. Ila siyo hawa."

"Haya. Umeweka akiba lakini? Akiba haiozi."

"Nimeweka. Kila kipande nimekigawa mara mbili."

Hakusema uongo. Ndiyo ilikuwa desturi ya maabara: nusu moja hukaa hapa, ya pili hukaa kwenye friji ya jengo la jirani, ndugu wa damu moja wasiolala chumba kimoja. Lakini jana jioni, ili alinganishe lebo kabla ya kusafirisha, alizileta zile nusu za pili na kuzishindilia kwenye friji hiihii.

"Daktari, hii imeshiba mpaka kooni," fundi wa maabara alimwambia, akiusukuma mlango kwa goti.

"Itavumilia. Mpaka kesho tu."

"Haya. Mimi simo."

Sasa alisimama mlangoni pa maabara, na harufu ya maboksi yaliyolowa ikampokea kabla ya mtu yeyote. Sakafu iling'aa maji. Kona ya boksi moja ilikuwa imeusukuma mlango wa friji, ukabaki wazi upana wa kidole. Mashine ilihangaika mpaka ikapata joto na kujizima. Kengele ya hatari? Ilizibwa kwa utepe wa gundi tangu wahadhiri walipolalamika kwamba inawakatiza vipindi.

Akachukua kichupa, akakitikisa. Maji ya rangi ya waridi yakacheza ndani. Akachukua pacha wake. Nayo yakacheza.

Fundi alikuwa amefika nyuma yake. Hakucheka.

"Zigandishe tena, Daktari," alinong'ona. "Zikishaganda nani atajua? Huyo profesa wako ana macho ya rohoni?"

"Hatajua." Hakukiondolea macho kile kichupa. "Atasikiliza maiti miaka mizima, kisha ataandika kwamba jeni zimenyamaza. Na jina langu litakuwa hapo chini."

Mlango ukagongwa. Dereva wa mizigo aliingia na sanduku lake la barafu kavu, likifuka moshi mweupe hadi magotini kwake.

"Mzigo wa ng'ambo, tayari?"

Shangazi Chura alitoa boksi lililochomoza, akaufunga mlango wa friji vizuri, akapiga simu.

"Zimeyeyuka, Profesa."

"Zote?"

"Zote. Na akiba."

"Pole sana," sauti ikasema. "Asante kwa kuniambia. Ila unaelewa kwamba yupo mwingine anayeisubiri nafasi hii."

"Naelewa."

Simu ikakatika. Dereva akatazama sanduku lake, kisha mtu mmoja mmoja. Nyuma yao friji ikashtuka, ikaanza kunguruma taratibu, kama mtu aliyeshiba.