Walinzi wa Ngowe za Nyanya

Juzi nilinunua embe ngowe sokoni Malindi, nikaikata kwa hamu, nikakuta funza wanachezacheza karibu na kokwa. Nilicheka peke yangu. Angekuwapo nyanya yangu, muuzaji yule angetafuta pa kujificha.

Kule Sabaki, miaka ya themanini, nyanya alijigamba kwa kila mtu kwamba ngowe zake hazijui funza. Mwembe wake ulikaliwa na chungu wekundu tuliowaita maji moto, kwa jinsi walivyounguza wakikuuma. Walishona majani kuwa nyumba, na nzi wa matunda hakuthubutu kutua kutaga mayai. Sisi watoto tulijipaka majivu kabla ya kupanda, na bado tulishuka tukirukaruka.

Mwaka aliochumbiwa shangazi, nyanya aliwaahidi wakwe wajao sinia la ngowe hizo. Basi embe za kwanza zikaanguka, zimejaa funza. Maji moto walikuwa wamehama. Jirani akamshauri apulize dawa.

"Dawa haichagui, mwanangu," nyanya akamjibu. "Nikimuua nzi pamoja na mlinzi wangu, mwakani nitamwita nani?"

Akalizunguka shina, akainama, akaliona kosa lake mwenyewe. Kila akikamua tui, aliwatupia kuku machicha papo hapo shinani. Mafuta ya nazi yaliwaita sisimizi, nao kwa wingi wao wakawafukuza maji moto.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kazi ikaanza. Kuku wakahamishiwa nyuma ya jiko, shina likafagiwa, embe zilizoanguka zikafukiwa kwenye shimo refu. Akafunga kamba ya makumbi kutoka mkorosho wa jirani, uliojaa viota, hadi matawi ya mwembe wetu, na maji moto wakavuka kwa msafara. Nasi tukakatazwa kugusa hata embe moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tuliimba huku tukimeza mate.

Wageni wakaja. Mama wa bwana harusi akaikata ngowe, akaikagua, akala mpaka maji yakamtiririka viwikoni. Mara akaruka, kajishika shingo.

"Umesalimiwa na mwenye shamba," nyanya akamwambia, na baraza zima likaangua kicheko. Shangazi akaolewa.

Leo mkorosho ule haupo, na mwembe hupulizwa dawa na waliokodi shamba. Juzi hiyohiyo niliupanda, mtu mzima mimi, bila majivu. Nikakaa kwenye tawi kwa raha zangu, nisiumwe na kitu, na machozi yakanitoka.