Ua Lililoshushwa Pamoja na Jiwe Lake

Enzi za Mjerumani, au Mdachi kama alivyoitwa, Bibi Mwaisha, mama yake mama yangu, aliijua milima ya Uluguru kwa majani yake. Ukimwonyesha jani lolote alikwambia linapoota: penye jua, kandokando ya kijito au juu kwenye ukungu. Mdachi mmoja mkusanya mimea akamchukua amwongoze. Huko juu akapenda ua dogo la zambarau lililoota jiweni, kivulini, akaling'oa akalipande nyumbani kwake Morogoro mjini.

"Hilo halikai bila jiwe lake," Bibi akamwambia. Wapi! Siku ya tatu likanyauka.

Mdachi akapanda tena mlimani na wapagazi wanane. Wakateremka siku mbili wamebeba jiwe zima, ua juu yake, wakiimba matusi matupu kwa Kiluguru, naye anatikisa kichwa kufuata mdundo.

Wiki haikuisha, ua likafa. Mdachi akamfokea Bibi: "Na jiwe si hili hapa?"

Bibi akalitazama jua la mjini, kisha vilele vilivyofunikwa kule juu.

"Jiwe umeleta, bwana. Bado ukungu. Waite wapagazi."