Marumaru za Bafuni na Miguu ya Bibi

Mshumaa ukiyeyushwa ndani ya mafuta ya taa hutoa harufu nzito inayokaa kwenye nguo mpaka zifuliwe mara mbili. Kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, hiyo ndiyo ilikuwa polishi ya sakafu. Nikiwa na miaka kumi, kila Jumamosi nilipiga magoti sebuleni na kipande cha blanketi kuukuu, nikaisugua saruji nyekundu mpaka nione uso wangu. Wageni walisema, "Koku ana mkono," na mimi kichwa kikavimba. Sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Mwaka ule Baba alikuwa amejenga bafu ndani ya nyumba, baada ya Mama kumsihi sana. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amehamia kwetu na kifua kibovu, na Mama hakutaka mama mkwe wake aendelee kuogea nje nyuma ya migomba, na mvua za Muleba tunazijua. Marumaru nyeupe zilitoka Bukoba zimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na hakuna hata moja iliyovunjika. Mama ndiye aliyezitunza. Kila mtu akishaoga, alimwaga maji safi ukutani kuanzia juu, akafuta kwa kitambaa kikavu, akaacha dirisha wazi. Aliyetoka kumenya bitoke alinawa nje kwanza, maana utomvu wa ndizi ukikauka kwenye kitu cheupe, umeshakipoteza. Niliipenda kazi yake, ila niliona imepungukiwa kitu kimoja: bafu halikung'aa kama sebule yangu.

Basi Jumamosi moja, Mama alipokwenda sokoni, nikalipiga polishi, ukuta na sakafu. Liling'aa, lazima niseme. Nyumba nzima hunuka polishi Jumamosi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Jioni Bibi akaingia kuoga. Tulisikia kishindo, kisha ndoo ikibingirika. Hakuvunjika mfupa, Mungu alitunusuru, lakini Baba alilifunga bafu kwa kufuli, akasema ataita fundi aje kuzibandua marumaru zote. Kilichonitisha zaidi ni maneno ya Bibi. "Miguu yangu imekwisha," alimwambia Mama. "Imeniacha." Nyonga aliyoiangukia ilipoa baada ya siku tatu, yeye akabaki kitandani. Kibanjani, shambani kwetu kwenye migomba, hakwenda tena, kanisani hakwenda, na wiki haijaisha akaanza kugawa kanga zake. Mimi alinipa ya zambarau. Niliipokea kwa mikono miwili, na siri ya polishi nikabaki nayo. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la jambo lile.

Mama alimwomba Baba ufunguo kabla fundi hajaja. Akaingia, akakwaruza marumaru moja kwa ukucha, akanusa kidole, akaniita.

"Koku, umepaka nini humu?"

Nililia kabla sijajibu. Hakunipiga. Aliagiza maji ya moto na kipande cha sabuni ya mche, tukaanza. Maji yalilainisha nta, kisha tukaikwangua kwa ukingo wa mfuniko wa ndoo, kwa sababu kisu kingeacha michirizi. Kwenye maungio tulipitisha mswaki wa zamani. Halafu sabuni, halafu maji, halafu kitambaa, halafu marumaru inayofuata. Siku mbili tulikaa humo magotini, na hakunisimanga hata mara moja. Sijapata kuona tena mtu akifanya kazi kwa utulivu ule, nami nilimpenda siku zile kuliko siku alizoninunulia nguo. Mwishoni alimwaga maji sakafuni, akavua kandambili, akatembea huku na huko, kisha akanipitisha na mimi. Hatukuteleza.

"Sasa nenda kamwambie Bibi," alisema.

"Mwambie wewe, Mama."

"Marumaru nimekusaidia. Hili ni lako."

Nikaenda na kanga ya zambarau mkononi, nikamwita kwa heshima kama Wahaya tunavyowaita wakubwa. "Bibi, waitu, nilipaka polishi bafuni. Si miguu yako."

Aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Kisha akaketi. "Polishi hii ya sebuleni?"

"Ndiyo, waitu."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. Alipotulia akanifinya sikio sawasawa, nikalia upya, naye akashusha miguu sakafuni akaitazama kama watoto waliosingiziwa wizi. "Ma Koku!" akamwita Mama. "Nichemshie maji ya kuoga!" Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake, na Jumatatu akapita nyumba kwa nyumba kudai kanga zake zote. Ya kwangu aliichukua ya kwanza.

Leo naishi Buhembe, mjini Bukoba, bafu langu lina marumaru hadi darini, na rafu imejaa chupa za dawa za kusafishia za kila rangi. Bado nasafisha kama Mama, juu kwenda chini, maji, kitambaa, dirisha wazi. Hilo nimelimudu. Lililobaki ndilo linalonishinda. Siku hizi nikimkosea mtu namwandikia ujumbe kwenye simu, na nikiona umesomwa najihesabu nimemaliza. Mwezi uliopita nilimjibu vibaya jirani yangu, mama mtu mzima, mbele ya watu. Nilirudi nyumbani nikaandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Nikausoma mara mbili, nikaona ni mzuri kweli. Nikaufuta, nikavaa viatu.