Siku Niliyoteka Kigari cha Meneja

Meneja wa duka la ushirika pale Mingoyo alikuwa na kigari chekundu, kifupi, mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu. Enzi zile za vijiji vya ujamaa, sabuni yenyewe tunaipangia foleni, yeye anakisugua kigari chake kila asubuhi kama anamwogesha mwari! Viti vyake hakuvivua hata nailoni za dukani.

Mama yangu alishikwa na uchungu kabla ya wakati, damu ikawa inamtoka haikatiki. Nikakimbilia kwa meneja. Nikamkuta anawasha gari, anakwenda Lindi mjini, peke yake.

"Shikamoo baba. Mama anakufa, tusaidie umfikishe hospitali."

Akachungulia dirishani, akaiona kanga yangu ilivyolowa damu. "Marahaba. Binti, hili ni gari la familia. Tafuteni lori."

Akaondoka. Lori gani, jamani? Majirani walimbeba mama kwa kitanda cha kamba, akakata roho njiani, na mtoto tumboni.

Nilimchukia mtu yule, wallahi. Sikumsamehe, na hadi leo sijamsamehe. Watu huniambia nimwachie Mungu. Mungu nilimwachia ya kwake, yangu nikabaki nayo.

Mwaka uliofuata baba yake meneja akafariki. Ukoo wao na wetu ni watani, na kwetu mtani akiwa msibani hana adabu: atamwaga chai ya wageni, atalala njiani jeneza lisipite, atateka chochote akitakacho, na mfiwa hakasiriki. Akitaka chake, sharti atimize anachoambiwa na mtani.

Siku ya kuanua tanga nikajipaka majivu usoni, nikaingia ndani ya kigari, nikajilaza kiti cha nyuma. "Nimekiteka!" nikapiga kelele. Watu wakavunjika mbavu. Meneja akaja anacheka, kuku mkononi.

"Haya mtani, shika kuku wako ushuke."

"Kuku mle wenyewe. Nipeleke kwa mama yangu."

Meneja akawatazama wazee wa ukoo wake, nao wakamwambia, "Mtani kashasema." Hakuwa na pa kukwepea. Akawasha gari.

Tulipofika makaburini nikamshika mkono, nikamsimamisha kwenye kaburi walilolala mama na mtoto wake.

"Mwambie gari limekuja," nikasema. "Mwambie apande."

Akachuchumaa, mikono kichwani, akaangua kilio, mtu mzima yule. Sikumwonea huruma hata chembe. Nilisimama pale pale nikimtazama, na kila alipotaka kuinuka nilimwambia, "Bado hajapanda."